Faili Ambalo Baba Hakutaka Nilichape

Butembo, tarehe 16 Januari 2023

Mdogo wangu Gamaliel,

Nakusalimu wewe, mke wako Marie-Jeanne na watoto. Sisi tupo, baridi tu ndiyo inatutesa. Maharage ya shamba la Kirumba yamevunwa, Issaka dereva atakushushia ndoo moja pamoja na barua hii. Baba anakula vizuri. Jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu, la kulia linamtambua mtu akiwa karibu. Padri ameniuliza tena kuhusu misa ya Vagheni. Nimemjibu kama kila mwaka: misa ya marehemu husomewa marehemu. Mume wangu alikwenda Mbau kununua kakao na bado hajarudi, miaka minane si kitu. Nimewakumbusha pia watu wa nyumba hii wasilitaje jina lake ovyo.

Naandika kwa mkono kwa sababu Baba ameshikilia sheria yake: waliopigiana kelele kwenye simu ndani ya nyumba yake wataandikiana barua mpaka wapoe. Mimi sijapoa. Siku tano za Noeli ulijifungia na Baba chumbani, yeye anasema, wewe unachapa. Miaka tisa nimechapa majina ya vilima na vijito vya nchi yetu, kila jina na hadithi yake, kwa vidole vyangu hivi. Halafu jina moja tu, la mwisho, Baba anasema, "Hii Gamaliel ndiye atachapa." Na mkaliwekea mot de passe, neno la siri la kulifungua. Sikuulizi kuna nini. Sikuulizi kabisa.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni mashini, ile kompyuta ya kuchapia. Alhamisi alasiri faili zote ziligeuka. Majina yake yapo, lakini kila moja limeota mkia wa herufi nne nisizozijua, na ukijaribu kulifungua linakataa. Inayofunguka ni karatasi moja tu, ya Kiingereza. Nilimpelekea Élise, jirani yetu anayefundisha Kiingereza sekondari. Aliisoma mara mbili, akaketi. Anasema kuna watu wamefunga kila kitu kwa ufunguo wao, na wanataka dola mia tisa ndipo watufungulie. Hata flash niliyokuwa nikinakilia kazi ilikuwa imechomekwa, nayo imefungwa.

Unajua madaftari ya kwanza yalilowa siku paa liliporuka. Na tangu macho ya Baba yaharibike haandiki tena, anasema nami nachapa. Majina elfu moja mia moja na arobaini, Gamaliel, na nusu ya wazee waliomweleza wamekwisha kufa. Baba anataka akishike kitabu akiwa bado anaweza kusoma herufi kubwa za jalada. Sijamwambia kitu. Nimemdanganya kwamba umeme wa jirani umeharibika.

Kasika, fundi wa mashini wa pale sokoni, amekuja akasema, "Maman Masika, acha niformate tu, itakuwa mupya kabisa." Nimemwambia angoje siku mbili. Ugonjwa umejiingilia wenyewe, mimi sikugusa kitu. Nijibu upesi, hata kama si kwa upendo, basi kwa ajili ya kazi.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni, hata kama umesahau,
Masika

*

Beni, tarehe 18 Januari 2023

Yaya wangu Masika,

Nakuamkia kwa heshima, dada yangu mkubwa. Wiki hii mji umetulia, tunalala. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili. Marie-Jeanne anashukuru kwa maharage, amesema ya huku hayaivi hivyo.

Mwambie Kasika asiguse. Kwetu sisi mafundi wa huku dawa ya kila ugonjwa ni kuformater, yaani kufuta yote na kuanza upya. Hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi, mashini inarudi safi na mteja anafurahi. Safari hii itakuwa ni kuichoma nyumba ili kumfukuza mwizi. Faili zako zimefungwa, hazijafutwa. Zikifutwa, hata ufunguo ukipatikana siku moja, hakutabaki mlango wa kuufungua. Kwa hiyo zima mashini, usiiunge na connexion ya intaneti, wala usichomeke flash nyingine. Ile iliyofungwa iweke mbali, usiitupe. Na usilipe. Wale ni wezi, wanaweza kupokea na wasikurudishie kitu.

Nahitaji kujua mambo mawili. Siku ile uliweka programu gani mpya ndani ya mashini? Na connexion ilikuwa wazi muda wote, au ilikatika? Nijibu yote mawili, la kwanza zaidi. Kisha nitumie mashini kwa Issaka.

Kuhusu Noeli, sina la kusema.

Msalimie Baba kwa mikono yote miwili,
Gamaliel

*

Butembo, tarehe 25 Januari 2023

Gamaliel,

Salamu. Tuko wazima. Kuku wa Élise wameingia mchicha wangu tena, lakini hayo ni ya kwetu.

Mashini sitaituma. Jana Baba ameniuliza, "Gamaliel atakuya siku gani? Ye ndiye anajuaka ile mashini yake." Mashini yake! Wewe uliinunua, sikatai. Lakini herufi zilizofutika kwenye vitufe zimefutwa na vidole vyangu. A haisomeki tena, wala N. Wewe unakuja mara moja kwa mwaka na viatu vya mjini, Baba anavaa shati la Jumapili siku ya kazi. Mimi ninayemkatia kucha, ananiita tu nikiwa nimechelewa na chai.

Nikikutumia, utafungua, najua utafungua, ulikuwa hivyo tangu shule. Halafu mtaa mzima utasema Gamaliel amekiokoa kitabu cha baba yake, Mwalimu Zorobabel, na mimi nitabaki yule aliyekiharibu. Njoo ufanyie hapa, mbele ya macho yangu.

Swali la connexion: mega za intaneti zilikwisha katikati. Nilikuwa nimenunua za franka mia tano, zikakatika kabla ya ile

Nimefuta maneno matatu hapo juu, usijaribu kuyasoma kwa taa.

Masika

*

Beni, tarehe 6 Februari 2023

Yaya Masika,

Nakusalimu na nakuomba radhi kwa kuchelewa. Barabara ilifungwa, kisha tukawa na siku tatu za ville morte, maduka na magari yote yamesimama, na Issaka hakutaka kuihatarisha gari yake. Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuja. Tuna afya, watoto wanakwenda shule siku zinazoruhusu.

Umenionea wivu kwa siku tano. Na mimi nikuambie wangu. Nilikuwa na miaka kumi nilipoletwa huku kwa baba mdogo kwa ajili ya shule, wewe ukabaki. Baba alipopanda Kasugho kuwauliza wazee majina, ni wewe uliyebeba begi lake, ukala naye ndizi za kuchoma kwenye nyumba za watu. Mimi nilipata kadi moja kila Pasaka. Hata leo nikitaja kilima mbele yake nakosea, naye ananirekebisha kwa upole, kama anavyomrekebisha mgeni. Upole ule unaniuma. Wewe anakufokea. Natamani anifokee siku moja tu.

Sasa kazi. Kuishiwa mega kwako huenda kumetuokoa. Virusi vya namna hii vikipata connexion huomba ufunguo wa peke yake kwa bwana wao, kila mashini na wake, na huo hatuna njia ya kuupata. Vikikosa connexion hutumia ufunguo mmoja wa akiba, uleule kwa wote waliokosa. Wapo watu wanaopambana na wezi hawa, na ufunguo wa akiba ukiwafikia huutoa bure kwa dunia nzima. Lakini lazima niichunguze mashini nione tuko kundi gani. Nitafungua faili tu. Jina la aliyechapa litabaki lako, naapa mbele ya Marie-Jeanne aliyekaa hapa.

Swali la kwanza hujalijibu. Na maneno yako sikuyasoma kwa taa. Nilijaribu kidogo tu.

Mdogo wako,
Gamaliel

*

Butembo, tarehe 27 Februari 2023

Gamaliel,

Salamu fupi, Issaka anapiga honi.

Baba amejua. Alisema, "Masika, siku zote hizi sisikie ukipiga mashini. Iko nini?" Nikamwambia yote, isipokuwa sehemu moja. Alisukuma kikombe cha chai kando, akasema tu, "Bale bazee hapana kurudia tena kunielezea."

Mashini hii hapa, na ile flash. Nimeifunga kwa kitenge changu cha harusi, kirudishe bila doa. Ikumbukwe kwamba niliituma mwenyewe.

Masika

*

Beni, tarehe 14 Machi 2023

Yaya wangu Masika,

Salamu nyingi. Kitenge kimeoshwa, Marie-Jeanne amekikunja na kukiweka juu ya kabati mbali na watoto. Mashini ilifika salama.

Kwanza nilinakili faili zote zilizofungwa kwenye diski mbili tofauti, moja iko kwangu, moja nimeifungia kwenye sanduku la vyeti. Hazitaguswa. Kisha nikaiwasha mashini kwa flash safi yenye antivirus ili mwizi asiamke nami, nikamtafuta, nikamtoa. Alikuwa amejiandika mahali ili awake kila mashini inapowaka, na pale pia nimemfuta. Amekwenda. Lakini mwizi kuondoka hakufungui kufuli alizofunga. Nakala ambazo mashini huwa inajiwekea yenyewe alikuwa amezifuta kabla ya kufunga, wanajua kazi yao wale.

Habari njema ni kwamba tuko kundi la ufunguo wa akiba. Mega zako ziliisha saa nzuri. Habari mbaya, ufunguo huo bado haujatolewa. Nitajaribu kila Ijumaa, siku tunayopata connexion nzuri dukani.

Nimeona pia programu iliyomwingiza mwizi, jina lake, siku yake na saa yake. Sitaandika zaidi.

Gamaliel

*

Butembo, tarehe 2 Mei 2023

Gamaliel,

Hamjambo huko? Baba alianguka kizingitini Jumanne iliyopita, goti limevimba, nimelikanda kwa maji ya chumvi. Jicho la kulia linapungua. Asubuhi hii ameniita kwa jina la Mama, kisha akacheka, lakini najua hakuniona.

"Sitaandika zaidi." Unajiona padri? Basi nitaandika mimi. Ndiyo, niliitafuta programu ya kuvunja mot de passe. Ndiyo, nilitaka kulifungua faili lenu. Nilibonyeza kila walichoniambia nibonyeze, hata nikazima antivirus kwa sababu waliandika nizime. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mchapaji wa watu wote wa soko hili, nimekula sumu kama panya. Na ingekuwa leo, ningebonyeza tena.

Nani alimwandikia Baba vilima vyote vya Lubero homa ikimtetemesha? Nani alimsomea kila jioni alichosema asubuhi? Amenipa majina elfu na zaidi, nimeyapokea yote bila kusema asante, na hilo moja aliloninyima limeyafunika yote. Nakuonea wivu mpaka chakula hakishuki. Nimesema. Sasa zamu yako: mle ndani mna nini? Kama ni shamba amekupa, chukua. Kama ni kitabu amekiweka kwa jina lako, niambie, nitalia siku mbili halafu nitanyamaza.

Baba nimemwambia ukweli wa programu. Hakufoka. Aligeuza uso ukutani, na hilo nilikuwa sijawahi kuliona.

Masika

*

Beni, tarehe 19 Mei 2023

Yaya,

Pole kwa goti la Baba, dawa ya kupaka iko kwa Issaka. Si shamba. Si kitabu kwa jina langu. Zaidi ya hapo nimekatazwa, na aliyenikataza ni mmoja tu. Ijumaa kumi nimejaribu. Bado.

Gamaliel

*

Beni, tarehe 28 Agosti 2023

Yaya wangu mpenzi Masika,

Nakusalimu sana leo, taratibu. Marie-Jeanne anakukumbatia. Watoto wote wazima. Keti kabla ya kuendelea kusoma.

Ijumaa iliyopita ufunguo ulitolewa. Nilijaribu kwanza faili moja dogo, la vijito vya Kirumba, likafunguka, nikamwita mke wangu aje aone nisije nikawa naota. Kazi ilichukua siku nzima na nusu. Majina elfu moja mia moja na thelathini na mawili yamerudi mazima. Manane yameharibika kabisa, orodha nimeiweka, Baba bado anaweza kuyasema upya. Issaka anakuletea mashini, diski moja na kitenge chako. Diski nyingine itabaki huku, na kuanzia sasa nakala haikai imechomekwa.

Lile faili nalo limerudi. Nilimpigia Baba kwa simu ya Élise ukiwa sokoni. Nikamwambia umelia tangu Noeli kwa wivu na mimi sina nguvu tena ya kunyamaza. Alijibu, "Mutoto wangu anangojeaka bwana yake. Mi nilishindwa kumuambia. Na kumuambia achape ye mwenyewe na bidole yake, hapana, ile ni kumuua. Lakini sasa mupe. Mi niko nazeeka na maneno ya mutu mwengine mu kinywa."

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mwanamke mmoja anayeitwa Hulda alikuja Butembo kutibiwa mguu, wakakaa na Baba benchi moja hospitalini. Baba akamuuliza kama anavyomuuliza kila mtu anayetoka mbali: huko kwenu maji mnateka wapi, na panaitwaje? Hulda akamjibu kwamba panaitwa kwa jina la mtu. Baba akauliza huyo mtu alikuwaje. Hulda akasema alikuwa na pengo la jino la mbele na koti la kijivu la mwalimu lililomzidi mabega. Koti lile unalijua, Baba ndiye aliyempa.

Karatasi iko ndani ya bahasha ndogo. Mot de passe nimeifuta.

Yaya, nisamehe kitu kimoja. Miezi yote hii nilikuwa na uchungu kwa ajili yako, lakini chini ya uchungu kulikuwa na furaha mbaya. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha Baba ambacho wewe huna.

Mdogo wako,
Gamaliel

[Karatasi ya ndani]

KWA VAGHENI. Kijito, Mbau, dakika ishirini kwa mguu kutoka barabarani. Zamani hakikuwa na jina, watu walisema "mtoni" tu. Ameeleza Hulda, mkulima wa hapo. Siku ya kuwakimbia wauaji maji yalikuwa yamejaa. Mnunuzi mmoja wa kakao aliwavusha mgongoni wasioweza: Hulda na mguu wake, bibi mmoja, watoto wawili, mzee kipofu. Alirudi ng'ambo mara ya sita kwa sababu ya mtu aliyesikika akiita. Hakuvuka tena. Aliowavusha walirejea baada ya siku tisa, wakamkuta, wakamzika ukingo wa juu. Hawakujua ukoo wake. Walijua jina alilowaambia akiwa amewabeba. Wanaoteka maji hapo leo husema: tunakwenda Kwa Vagheni.

*

Butembo, tarehe 11 Septemba 2023

Mdogo wangu Gamaliel,

Hamjambo wote? Baba anatembea na fimbo. Mvua zimeanza.

Karatasi niliisoma nikiwa nimesimama, hukunijua vizuri uliposema niketi. Sikulia siku ile. Nilipika, nikafua, nikagombana na Élise juu ya kuku. Siku ya pili nilimfuata Baba nikamwambia nimesoma. Alinyoosha mkono hewani akinitafuta, mkono ukapita kando, nikaushika. Nikamfokea. Nilimfokea kwa miezi kumi ya kimya, na yeye akanifokea kwa programu ile, mpaka majirani wakatoka nje. Ungekuwepo ungepata sehemu yako.

Kisha tukafanya kazi. Siku sita nimemsomea kitabu chote. Yale manane ameyasema upya, mawili ameyasema vizuri kuliko mwanzo. Tulipofika Mbau aliinua kiganja kwamba niruke. Sikuruka. Nimelisoma kwa sauti, jina lake na yote, na baadaye nikalichapa upya herufi kwa herufi, kwa sababu uliacha makosa mawili. Mpiga chapa ameahidi jalada kwanza, herufi kubwa nyeusi, Baba azione hata kama kurasa zitachelewa.

Furaha yako mbaya nimekusamehe. Ningekuwa wewe ningefurahi zaidi.

Lakini wivu haujaniisha, Gamaliel, umehama tu. Sasa nawaonea wivu wanawake wa Mbau. Miaka minane nimewakataza watu wa nyumba hii kulitaja jina lake, na wao wanalisema kila asubuhi wakiwa na bidon ya maji kichwani. Wanamtuma mtoto huko. Mume akimuuliza mkewe kwa nini amekawia, anamjibu, nilikuwa Kwa Vagheni. Anajibu hivyo bila kufikiri, huku anatua maji. Jibu hilo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepaswa kuulizwa.

Padri ameandika misa ya tarehe 30. Kabla ya hapo nataka kufika kule. Issaka anasema siku hizi barabara inapitika mpaka saa saba. Njoo unichukue, na uniletee bidon ya lita ishirini. Sitaki wanawake wale wanione nasimama mikono mitupu kwa mume wangu mwenyewe.

Masika, mjane wa Vagheni